Jina ukutani, mifupa kusikojulikana: askari mhamiaji asiye na kaburi

Kwa Waluo, mtu akizama ziwani na mwili usionekane, msiba wake hauachwi ukaning'inia. Hutafutwa tunda la mti wa yago, lile refu na zito kama kigogo, likazikwa mahali pa mwili, na taratibu nyingine zikaendelea. Waislamu wana sala ya ghaibu: safu zinapangwa, takbira nne zinatolewa, na mbele ya imamu hakuna jeneza. Kwa hiyo kumuaga mtu bila mwili si jambo geni kwetu. Tunajua pia kwamba asiyezikwa huwaacha jamaa zake njia panda, hawajui waondoe matanga au waendelee kungoja mlango ubishwe.

Vita vya Kwanza vya Dunia viliziweka familia nyingi mno katika njia panda hiyo kwa wakati mmoja. Upande wa Uingereza na makoloni yake pekee, zaidi ya askari 500,000 waliokufa hawana kaburi linalojulikana. Miongoni mwao wapo waliokuwa wageni hata katika nchi waliyoifia: wahamiaji. Mtu amezaliwa nchi moja, amehamia ya pili kutafuta riziki, amevaa sare ya hiyo ya pili, na ameuawa katika ya tatu. Nani amkumbuke? Wapi? Kwa jina lipi, lililoandikwa kwa masikio ya nani?

Maswali hayo nayafuata hapa kupitia kundi moja dogo, Wajapani waliohamia Kanada, kwa sababu kisa chao kinaonyesha wazi jinsi mfumo wa kuwakumbuka waliopotea ulivyofanya kazi. Kinatusaidia pia kuona kwa nini mfumo huohuo, ulipofika Afrika Mashariki, haukuandika majina.

Mwili hupoteaje

Tukisikia mtu hana kaburi, tunadhani hakuzikwa. Hiyo ni njia moja tu. Ni kweli kwamba kombora likimwangukia mtu handakini huenda lisibakishe cha kuzika, na kwamba tope la Ypres, Ubelgiji, lilimeza watu wazima na farasi wao. Lakini wengi walizikwa, tena na wenzao waliowajua, wakawekewa msalaba wa mbao wenye jina. Kisha mapigano yakarudi palepale, na mizinga ikayafumua makaburi.

Wapo na wengine ambao makaburi yao yapo mpaka leo, nyasi zimekatwa, maua yamepandwa, ila jiwe linasema tu kwamba hapa amelala askari wa Kanada wa Vita Kuu, na chini yake kwamba anajulikana na Mungu. Jina la mtu huyo limechongwa kwenye ukuta wa ukumbusho mahali pengine, labda umbali wa kutembea kwa miguu. Jina liko huku, mifupa iko kule, na hakuna awezaye kuviunganisha. Anayesoma jina ukutani asidhani basi kwamba mwili haukupatikana kamwe. Alichopoteza huyo mara nyingi ni ule uzi unaolifunga jina na mwili.

Uzi wenyewe ulikuwa mwembamba. Mwanzoni mwa vita, askari wa Uingereza alivaa shingoni kisahani kimoja cha utambulisho. Akifa, kilikatwa na kupelekwa kwa wakubwa kama ushahidi wa kifo, na maiti ikabaki haina la kuitambulisha. Mwaka 1916 ndipo visahani vikawa viwili: chekundu kichukuliwe, cha kijani kibaki na mwili. Navyo vilitengenezwa kwa nyuzi zilizoshindiliwa. Wachimbaji waliporudi baada ya vita kukusanya maiti kutoka mashambani na kuzipeleka kwenye makaburi makubwa ya pamoja, vingi vilikuwa vimeoza.

Nani aliamua majina yaandikwe

Kabla ya vita hivyo, askari wa kawaida wa Ulaya aliyekufa vitani mara nyingi alitupwa shimoni na wenzake, na mnara ukajengwa kwa jemadari. Aliyeugeuza utaratibu huo kwa Waingereza ni Fabian Ware, raia ambaye umri ulimzuia kuingia jeshini, akaenda Ufaransa mwaka 1914 kuongoza kikosi cha magari ya Msalaba Mwekundu. Aliona maiti zinazikwa bila kumbukumbu, akaanza kuandika: nani, wapi, lini. Daftari zake ndizo zilizozaa Tume ya Makaburi ya Vita, iliyopewa hati ya kifalme tarehe 21 Mei 1917. Leo inaitwa Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola.

Maamuzi mawili ya wakati ule yanaeleza karibu kila tunachokiona leo. La kwanza ni kwamba maiti hazirudishwi nyumbani. Tajiri asimsafirishe mwanawe huku maskini akimwacha wake kwenye tope. Familia nyingi ziliumia na kulalamika, lakini Tume haikulegea. La pili ni kwamba kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, kwenye jiwe la kaburi au, akikosa kaburi, kwenye ukuta wa ukumbusho, bila kutofautisha cheo, rangi wala dini. Naomba msomaji aishike sentensi hiyo, kwa sababu tutaipima tukifika Nairobi na Dar es Salaam.

Ukuta, kwa maana hii, ni kaburi la kisheria. Wakati lango la Menin lilipozinduliwa mjini Ypres tarehe 24 Julai 1927, likiwa na majina zaidi ya 54,000, Lord Plumer, jemadari wa Uingereza, aliwaambia wazazi waliokusanyika kwamba mpendwa wao hakupotea, yupo hapa. Maneno hayo yalikuwa faraja, lakini pia yalieleza utaratibu wenyewe: serikali ilikuwa imewapa mahali pa kuweka shada. Tangu mwaka 1928 tarumbeta za kuwaaga wafu hupigwa chini ya lango hilo kila jioni saa mbili, isipokuwa miaka ya Vita vya Pili, Wajerumani walipoukalia mji.

Kwa upande wa Kanada, waliopotea Ubelgiji waliandikwa Menin, na waliopotea Ufaransa waliandikwa kwenye mnara wa kilima cha Vimy. Mnara huo, kazi ya mchongaji Walter Allward, ulichukua miaka 11 kujengwa na ukazinduliwa tarehe 26 Julai 1936. Unabeba majina 11,285. Hivyo marafiki wawili waliotoka kijiji kimoja wakapanda meli moja wangeweza kuishia kwenye kuta mbili za nchi mbili, kwa kuwa tu mmoja aliuawa kaskazini ya mpaka na mwingine kusini.

Aliyeomba kufa akakataliwa

Wajapani walianza kuhamia pwani ya magharibi ya Kanada mwishoni mwa karne ya 19. Kijiji cha Mio, mkoani Wakayama, kilitoa wavuvi wengi sana waliofuata samaki aina ya samoni hadi Steveston, kwenye mdomo wa mto Fraser. Wengine walifanya kazi viwanda vya mbao, migodini na kwenye reli. Jimbo la British Columbia liliwanyima kura mwaka 1895, hata wale waliokwisha kuchukua uraia. Mmoja wao, Tomekichi Homma, alikwenda mahakamani kudai haki hiyo. Kesi ikapanda hadi London, akashindwa. Mwaka 1907 kundi la watu lilivamia mitaa ya Wachina na Wajapani mjini Vancouver na kuvunja madirisha na maduka.

Basi vita vilipozuka mwaka 1914, viongozi wa jumuiya hiyo waliona njia. Nchi isiyomtambua mtu kama raia itawezaje kumkana akishamwaga damu yake kwa ajili yake? Chama cha Wajapani wa Kanada, chini ya Yasushi Yamazaki, kiliwakusanya vijana wapatao 200 kikawafundisha gwaride kwa gharama ya jumuiya yenyewe, kisha kikawatoa kwa serikali. Serikali ikakataa.

Hapo husimama kidogo kila ninapokisoma kisa hiki. Watu walikuwa wanaomba ruhusa ya kwenda kufa, na wakaambiwa hawafai.

Hawakukata tamaa. Walivuka milima hadi jimbo jirani la Alberta, ambako vikosi vilikuwa na upungufu wa watu na makamanda hawakuwa na muda wa kuchagua rangi. Wakaandikishwa kwa mafungu, kikosi hiki wachache, kikosi kile wachache, mpaka wakafika 222. Walipigana Vimy mwezi Aprili 1917, na Hill 70, kilima kingine cha Ufaransa, mwezi Agosti mwaka huohuo. Kati yao 54 waliuawa.

Sasa rudi kwenye karatasi. Aliyejiandikisha alijaza fomu: jina, mahali alipozaliwa, kazi, ndugu wa karibu na anwani yake. Kwa kijana aliyezaliwa Toronto hilo lilikuwa jambo la dakika tano. Kwa aliyezaliwa Wakayama kila mstari ulikuwa mtego. Kwa Kijapani jina la ukoo hutangulia. Karani anategemea lije mwisho. Sauti za Kijapani huandikwa kwa herufi za Kilatini kwa njia zaidi ya moja, na karani aliandika alivyosikia. Ndugu wa karibu alikuwa mama aliye ng'ambo ya bahari ya Pasifiki, asiyesoma Kiingereza, katika anwani iliyokosewa herufi mbili. Fomu hiyo, na si mtu mwenyewe, ndiyo iliyokwenda kuchongwa Vimy. Huko majina yamepangwa kwa alfabeti ya jina la ukoo, na ukoo na jina vikipishana, mtu anajificha kwenye ukuta uleule unaomkumbuka.

Hata hivyo yapo. Hili nataka lieleweke vizuri: mvuvi asiyekuwa na haki ya kupiga kura alichongwa kwenye jiwe lilelile, kwa herufi za ukubwa uleule, pamoja na mtoto wa wakili wa Montreal. Tume ilitimiza neno lake kwake. Kilichomwezesha ni kwamba alikufa Ulaya, ndani ya kikosi kilichokuwa na orodha, na orodha ilikuwa na jina lake.

Taa ya Vancouver

Jumuiya haikungoja mnara wa Vimy. Ilichanga fedha zake, ikajenga nguzo ya mawe katika bustani ya Stanley mjini Vancouver, juu yake taa ya marumaru, na ikazinduliwa tarehe 9 Aprili 1920, miaka mitatu kamili tangu siku ya kwanza ya mapigano ya Vimy. Kwa ndugu waliokuwa Kanada, wasio na nauli ya kwenda Ufaransa, hiyo ndiyo iliyokuwa kaburi. Taa iliwashwa iwake daima.

Madai ya kura yaliendelea, yakiongozwa na waliorudi hai. Mwaka 1931 bunge la British Columbia liliwapa kura maveterani wa Kijapani, wao peke yao, kwa ushindi wa kura moja. Wake zao hawakupewa, wala watoto wao.

Kisha ikaja Desemba 1941, na Japani ikashambulia Pearl Harbor, kituo cha jeshi la majini la Marekani. Mwaka uliofuata serikali ya Kanada iliwaondoa kwa nguvu watu wa asili ya Kijapani zaidi ya 21,000 kutoka pwani, wengi wao wakiwa wamezaliwa Kanada, ikawapeleka makambini na kwenye vijiji vya bara vilivyokuwa vimehamwa. Mashua, nyumba na mashamba yao yalichukuliwa, baadaye yakauzwa. Taa ya Stanley ikazimwa.

Masumi Mitsui, sajini aliyepata medali ya ushujaa huko Hill 70, alikuwa na shamba la kuku Port Coquitlam. Inasimuliwa kwamba alipofika kujiandikisha kuondolewa alizitupa medali zake sakafuni mbele ya maofisa, akauliza zina faida gani. Wakati huohuo, kule Ufaransa, majina ya wenzake yalikuwa bado ukutani Vimy, hakuna aliyeyagusa. Kanada iliendelea kumheshimu mfu wa Kijapani huku ikimfukuza aliye hai nyumbani kwake. Kwangu, huo ndio mpaka wa kila ukumbusho wa mawe. Unalinda jina tu. Mtoto wa mwenye jina hana ulinzi wowote pale.

Haki kamili ya kura ilirudi mwaka 1949. Taa iliwashwa tena tarehe 2 Agosti 1985, na aliyeiwasha ni Mitsui mwenyewe, akiwa na umri wa miaka 97. Alifariki mwaka 1987. Mwaka uliofuata, tarehe 22 Septemba 1988, serikali ya Kanada iliomba radhi rasmi na kukubali kuwalipa fidia waliokuwa bado hai.

Huku kwetu, jiwe lisilo na majina

Kama neno la Tume lilimfikia mvuvi wa Wakayama, kwa nini halikumfikia askari wa King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, aliyefia Mahiwa, kusini mwa Tanzania ya leo, au mpagazi aliyekufa kwa kuhara damu njiani kwenda Rufiji?

Vita vya Afrika Mashariki vilianza Agosti 1914 na kwisha tarehe 25 Novemba 1918, Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alipoweka silaha chini Abercorn, mji unaoitwa sasa Mbala, nchini Zambia. Magari hayakupita na ng'ombe walikufa kwa ndorobo, kwa hiyo mizigo ilibebwa vichwani. Waingereza walichukua wapagazi wapatao milioni moja kutoka Afrika Mashariki na nchi za jirani, wengi kwa nguvu. Vifo vilivyoandikwa ni takriban 95,000, na wanahistoria wanaamini idadi ya kweli ni kubwa zaidi. Kilichowaua zaidi ni njaa na maradhi. Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Ndilo jina tunalolitamka kila siku tukisema Kariakoo, na Nairobi wakisema Kariokor.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 zilisimamishwa sanamu Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Ile ya Nairobi ina maandishi ya Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, yasemayo kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Zunguka sanamu hiyo uitazame pande zote. Hakuna jina hata moja.

Kwa muda mrefu jibu la kawaida lilikuwa kwamba orodha hazikuwapo. Kwa wapagazi wengi ni kweli kwamba kumbukumbu zilikuwa mbovu. Lakini ripoti ambayo Tume yenyewe iliitoa Aprili 2021 ilionyesha kwamba hiyo si sababu yote. Watawala wa kikoloni na maofisa wa Tume walikubaliana kwamba Mwafrika hangeelewa maana ya jiwe la kaburi, na makaburi ya wapagazi yakaachwa yarudi porini. Mahali pengine majina yalikuwepo na hayakutumika. Kwa himaya nzima, ripoti ilisema, watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri. Waziri wa ulinzi wa Uingereza, Ben Wallace, aliomba radhi bungeni.

Ushahidi unaonishawishi kuliko wote ni wa vibarua Weusi wa Afrika Kusini. Tarehe 21 Februari 1917 meli ya Mendi iligongwa na meli nyingine katika Mlango wa Uingereza ikazama, wakafa zaidi ya 600 kati yao. Hawakubeba bunduki, na miili yao mingi haikuonekana kamwe. Majina yao yamechongwa kwenye ukumbusho wa Hollybrook, Southampton, moja baada ya jingine. Vibarua wa aina ileile, wa nchi ileile, waliokufa katika kampeni za Afrika hawakuchongwa popote. Walingoja hadi Januari 2025, ulipozinduliwa mjini Cape Town ukumbusho wenye majina zaidi ya 1,700. Mtu ni yuleyule na kazi ni ileile. Tofauti ilikuwa bara alilofia.

Kwa hiyo mhamiaji wa Vimy na mpagazi wa Rufiji hawatofautiani kwa ujasiri wala kwa rangi machoni mwa wakubwa wao. Wote wawili walidharauliwa. Mmoja alikufa mahali ambapo dunia ilikuwa inatazama, akiwa kwenye orodha ya kikosi. Mwingine alikufa nchini mwao, akihesabiwa kama mzigo uliopungua.

Anayemtafuta wake afanyeje

Faili za askari wa Kanada wa vita vile, zaidi ya 600,000, zimewekwa mtandaoni na hifadhi ya nyaraka ya taifa, na kusoma ni bure. Ukijua jina la ukoo, jaribu tahajia zote unazoweza kuzifikiria, na uligeuze liwe jina la kwanza. Orodha ya Tume nayo iko wazi, na inaonyesha ukuta gani na paneli ipi.

Waafrika wengi hawatapatikana humo, lakini Tume bado hupokea maombi ya kuongeza majina. Kwa Vita vya Kwanza aliyekufa awe amekufa kati ya 4 Agosti 1914 na 31 Agosti 1921. Kwa vya Pili, kati ya 3 Septemba 1939 na 31 Desemba 1947. Kinachotakiwa ni karatasi au kitu kinachothibitisha utumishi na kifo. Masimulizi ya bibi peke yake hayatoshi, lakini huonyesha pa kuanzia kutafuta: kikosi gani, alichukuliwa na nani, mwaka wa njaa ipi.

Na kama nyumbani kuna bati la zamani lenye medali iliyochakaa ya Vita vya Kwanza, usiitazame usoni. Ule uso una sura ya mfalme na hausemi kitu. Igeuze ubavuni, upitishe kidole ukingoni, chini ya uchafu. Jina na namba ya askari vilichongwa hapo.